Pijo ya Marehemu Boadu: Kitabu Kimetoweka

Mkono wa Mzee Adarkwa bado uko ndani ya sanduku.

Tulimwacha hivyo wiki iliyopita, ameinama, macho yamemtoka, vidole vikipapasa mbao tupu. Ameinama siku saba kwa ajili yetu, na mgongo wa mtu wa miaka sabini na moja una kikomo chake. Tumruhusu autoe.

Akautoa. Haukuwa na kitu.

Sasa, kwa aliyefungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, ajue jambo moja. Kila asubuhi ya kazi, kwa miaka karibu arobaini, safu ya wauza spea za Pijo pale Suame, soko la mafundi magari la Kumasi, Ghana, huanza siku kwa namna ileile. Mzee Adarkwa hufungua duka saa moja. Hunyunyiza maji mlangoni kutuliza vumbi. Humsalimu jirani wa kulia, kisha wa kushoto. Halafu hufungua sanduku la mbao, hutoa kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitambaa cha kente kuukuu, hukifungua, hukipangusa mara mbili kwa kiganja, hukirudisha. Hapo ndipo wengine huanza kuuza.

Kitu hicho ni kitabu. Ndicho kitabu pekee cha vipuri vya Pijo 404 katika Kumasi nzima, kimeandikwa kwa Kifaransa, kina michoro ya kila nati na kila chuma. Jalada liling'oka zamani. Hakiazimwi. Hakiguswi. Watu wakibishana kuhusu spea, Mzee Adarkwa hukifungua akiwa upande wake wa meza, huelekeza mchoro kwa ncha ya rula, na ubishi huisha.

Asubuhi hii ya Alhamisi, hakikuwemo.

"Kimekwenda," alisema, akaketi kwenye kigoda chake kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

Mama Konadu, muuza gasketi wa duka la kulia, alifika kwanza. Mama Konadu hufika kwanza kila mahali.

"Kimekwenda wapi?"

"Ningejua kilikokwenda ningesema kimekwenda?"

"Umeangalia chini ya meza?"

"Konadu, sanduku hili nalifungua tangu hujazaliwa."

"Mzee, mimi nina wajukuu wanne. Usinisifu bure. Umeangalia chini ya meza?"

Wakaangalia chini ya meza. Wakaangalia nyuma ya mapipa ya grisi. Muuza radieta akaangalia ndani ya radieta, ingawa kitabu kile kisingeingia humo hata kwa maombi. Ndani ya robo saa safu yote ilikuwa imesimama mbele ya duka, kila mtu na mwizi wake.

"Ni wale wa safu ya Datsun," alisema mmoja. "Wivu tu."

"Wa Datsun wakifanye nini? Wao hata gazeti hawasomi."

"Tujiulize hivi," alisema Mama Konadu, mikono kiunoni. "Nani alikuwa anakitaka kuliko watu wote?"

Kisha vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea kona ya barabara, ambako binti mwembamba mwenye mkoba mzito begani alikuwa anakuja, anatembea kando kabisa ya njia kama anayeogopa kuikanyaga.

"Mwalimu," alisema Mama Konadu. "Njoo mwanangu. Njoo na huo mkoba."

Dufie Boadu hufundisha Kifaransa shule ya sekondari ya wasichana. Wanafunzi wa dawati la nyuma hulalamika kuwa hawamsikii. Baba yake, marehemu Boadu, aliendesha Pijo 404 ya mwaka sabini na moja kama teksi, Kumasi hadi Sunyani na kurudi, mpaka miguu ilipokataa. Alipofariki, gari lilibaki uani kwake, kuku wakitagia kiti cha nyuma.

Na kwa mila ya huko, mali ya mwanamume haiendi kwa watoto wake. Inakwenda kwa mwana wa dada yake. Dada ni Shangazi Birago. Mwana ni Kusi. Na Kusi alishapata mnunuzi wa vyuma chakavu.

Ndipo Dufie, ambaye hajawahi kufungua mdomo kwenye kikao cha ukoo, akaufungua. Akaomba gari la baba yake. Wazee wakatazamana. Mkuu wa ukoo, Mzee Twumasi, akatoa hukumu iliyomridhisha yeye mwenyewe tu: siku ya kumbukumbu ya mwaka, gari likitoka uani kwa nguvu ya injini yake, na Dufie ndiye kashika usukani, ni la Dufie. Lisipotoka, ni la Kusi.

Kumbukumbu ni Jumamosi. Keshokutwa.

Fundi Amofa amemaliza breki, nyaya, viti, mpaka mayai ya kuku ameyatoa moja moja bila kuvunja. Kumebaki kitu kimoja. Pampu ya maji.

Suame hakuna anayekuuliza namba ya spea. Wanakwambia, "lete sampuli." Unabeba kile kibovu mkononi, unazunguka nacho duka hadi duka, muuzaji anakipima kwa macho na kwa vidole, anakutolea ndugu yake. Dufie alikuwa amebeba pampu iliyokufa ya baba yake kwa wiki tatu. Wauzaji ishirini na kitu waliilinganisha na za kwao. Haikufanana na hata moja. Na kwa kuwa muuzaji wa safu ya Pijo afadhali afunge duka kuliko kusema "siijui", kila mmoja alimwambia kitu kilekile: "Hiyo imeisha, njoo wiki ijayo."

Mzee Adarkwa peke yake ndiye aliyesema, "Kitabu kitasema." Na alipoulizwa kitasema lini, alijibu, "Njoo kesho." Kesho hiyo ilikuwa imefika mara kumi na tano. Jana, mbele ya mashahidi, aliahidi kwamba leo ndiyo leo.

Na leo kitabu kimetoweka. Mnaona wenyewe.

"Fungua mkoba, Mwalimu," alisema muuza radieta.

"Kuna nini?"

"Fungua tu. Kama hamna kitu, tutakufungia wenyewe vizuri."

Dufie akaufungua. Mama Konadu akaingiza mkono hadi kiwikoni, akaanza kutoa. Daftari za wanafunzi, thelathini na mbili. Kalamu nyekundu tano. Ndizi za kukaanga ndani ya karatasi. Chanuo. Pampu ya maji.

"Kitabu hakimo," alisema, kwa masikitiko kidogo.

"Kitabu gani?" aliuliza Dufie.

Walipomwambia, alikaa chini ukingoni mwa ngazi ya duka. Hakulia. Alichukua pampu yake, akaiweka mapajani, akaifunika kwa viganja viwili.

"Anayeiba hawi na uso ule," alinong'ona muuza radieta.

"Uso unafundishwa," alinong'ona mwingine. "Huyu kasoma chuo."

Mzee Adarkwa alikuwa anatazama vidole vyake.

Sasa, habari za Suame zina miguu mirefu. Kabla ndizi za Dufie hazijapoa, teksi ilisimama na mlango ukafunguliwa na kitambaa cheusi kikatoka kwanza, kisha mguu, kisha Shangazi Birago mzima, na simu mkononi.

"Dufie mwanangu," alisema kwa sauti iliyofika safu ya spea za malori ya Bedford. "Mtoto wa kaka yangu. Nimesikia umeanza wizi."

"Sijaiba, shangazi."

"Ongea kwa sauti, watu wasikie."

"Sijaiba."

"Hata mimi nimesimama hapa sisikii. Mzee Adarkwa, za asubuhi? Pole na msiba."

Mzee Adarkwa aliinamisha kichwa akiwa amekaa. Wengine walishangaa kidogo. Shangazi Birago ni mama ambaye watu husimama wakimsalimu.

Lakini yeye alikuwa ameshabonyeza simu na kuweka sauti ya nje. Ikaita mara tatu. Akapokea mkuu wa ukoo, Mzee Twumasi, na nyuma yake ilisikika redio, na mtu akipiga chafya.

"Birago, nakula."

"Kula baba, sikuzuii. Nilitaka tu ujue mtoto uliyemtetea kikaoni ameiba kitabu cha Mzee Adarkwa. Safu nzima ipo hapa."

Redio ikazimwa.

"Ameonekana?"

"Hajaonekana, lakini ndiye aliyekuwa anakitaka."

"Hata mimi nataka vitu vingi," alisema Mzee Twumasi. "Adarkwa yupo?"

"Yupo."

"Adarkwa. Nisikilize. Mwizi haendeshi gari la Boadu. Kama ni yeye, Kusi achukue gari leo, tusingoje Jumamosi watu wa msiba waje kutucheka. Kama si yeye, Birago arudi nyumbani apike. Wewe ndiye mwenye kitabu. Ni yeye?"

Wote wakamtazama Mzee Adarkwa. Akajipangusa paji la uso.

"Mimi," alisema, "mimi nimefungua sanduku, nimekuta hamna."

"Hilo sikuuliza."

"Ndiyo hilo ninaloliona."

Wasomaji, mtu aliyeibiwa kitu cha miaka arobaini huwa anaruka, anapiga kelele, anavunja angalau kikombe kimoja. Huyu alikuwa ametulia kigodani kama kuku anayeatamia. Mimi nililiona hilo. Na Mama Konadu, ambaye amelea watoto saba na wote walijaribu kumficha kitu, alianza kuliona.

"Hatujaangalia rafu ya juu," alisema. "Mzee, nipishe hicho kigoda nipande."

"Panda kwenye ndoo."

"Ndoo itapasuka. Mimi najijua. Nipishe."

"Konadu, magoti yananiuma leo. Sisimami."

"Jana ulikimbiza mbuzi."

"Ndiyo maana yanauma."

Mama Konadu hakubishana tena. Alimshika kwapani kwa mapenzi, kama mjukuu amwinuavyo babu yake kanisani, akamwinua. Mto wa kigoda ukateleza. Chini ya mto kilikuwepo kipande cha kente kuukuu, kimekunjwa vizuri, na ndani yake kitabu.

Safu yote ikaangua kicheko. Kilianzia kwa muuza radieta kikafika kwa wauza matairi wasiojua hata kinachochekwa.

"Amekikalia," walisema. "Tunatafuta mwizi, kumbe mwizi ni makalio."

"Umri, jamani. Umri."

"Kesho atatafuta meno, kumbe anayo mdomoni."

Mzee Adarkwa alicheka nao, sauti yake nyembamba. "Umri," alisema. "Ni umri." Lakini mkono wake haukukiachia kitabu.

"Mwalimu, tusamehe," alisema Mama Konadu, akimrudishia Dufie daftari zake, na ndizi, zikiwa zimepungua moja.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, watu wakarudi kwenye maduka yao. Lakini Shangazi Birago hakupanda teksi kuja kucheka.

"Vizuri," alisema. "Kitabu kimepatikana. Basi na kiseme. Baba, upo?"

"Nipo," alisema Mzee Twumasi kwenye simu. "Chakula kimepoa."

"Wiki tatu mtoto anasema anangoja kitabu. Hiki hapa. Yeye anajua Kifaransa, hahitaji mkalimani. Asome. Kama spea ipo duniani, tungoje Jumamosi. Kama haipo, tunangoja nini? Kusi yuko uani kwa Boadu tangu alfajiri na lori la kuvuta magari. Mwenye lori analalamika."

Kumbe. Lori lilishafika hata kabla ya wizi.

Mzee Twumasi alifikiri. Tulisikia akifikiri. "Dufie, unakubali?"

"Nakubali, babu."

"Na mimi nitasaidia," alisema Mama Konadu, ambaye sasa alikuwa upande wa Dufie kwa nguvu ya ndizi moja. "Akinitajia namba tu, nampigia muuzaji wangu wa Lome, kule Togo, hapahapa. Lome wakisema ipo, kesho jioni mtu wangu anaivusha mpaka. Jumamosi asubuhi fundi anaifunga."

"Haya. Asome namba," alisema Mzee Twumasi. "Na Lome ijibu tukisikia."

Mzee Adarkwa alikuwa ameanza kurudi nyuma, hatua ndogo ndogo, kuelekea sandukuni. "Kitabu hiki," alisema, "karatasi zake ni dhaifu. Labda niwaelekeze mimi kwa rula."

"Mpe mtoto, Mzee," walisema watu. "Huyu ndiye wa kwanza kupita hapa anayekijua."

Wakakitoa mikononi mwake, kwa heshima, wakampa Dufie.

Dufie alikipokea kwa mikono miwili. Alikifungua ukurasa wa kwanza, kwa sababu walimu huanza ukurasa wa kwanza. Na huko, juu kabisa, kwa herufi kubwa zilizofifia, akasoma mstari ambao macho yake yaliurudia mara tatu kabla hayajakubali.

Mashine ya kukoboa mpunga, ya dizeli. Maelekezo ya matunzo na orodha ya vipuri.

Akafungua katikati. Chekeche la chuya. Akafungua mbele. Mdomo wa kumwagia mpunga, tazama mchoro wa kumi na nne. Mchoro wa kumi na nne aliwahi kuuona kwa mbali, wiki iliyopita, ncha ya rula ikiwa juu yake, Mzee Adarkwa akimweleza mteja kwamba hilo ndilo bomba la moshi la Pijo, na mteja akiondoka ameridhika.

Aliinua macho.

Mzee Adarkwa alikuwa anamtazama. Dufie aliujua mtazamo ule. Huuona kila muhula, anapopita kati ya madawati kugawa mitihani iliyosahihishwa, kwenye uso wa yule asiyesoma, anayejua alama yake kabla ya karatasi kufika.

Alijua. Mzee alikuwa anajua.

"Vipi, Mwalimu?" aliuliza muuza radieta. "Kinasemaje?"

Sasa mkumbuke Suame ilivyo. Kuna fundi pale aliyewahi kufunga tairi ikiwa imegeuka, zamani, Dufie akiwa hajaanza shule. Mpaka leo anaitwa Kinyume. Mkewe anaitwa Mama Kinyume. Watoto wake wako chuo kikuu na wanaitwa Kinyume wa Kwanza na wa Pili. Hebu fikiria watakachomwita mtu aliyeamulia ubishi wa Pijo kwa mashine ya mpunga miaka karibu arobaini.

Dufie angeweza kusema. Neno moja tu na watu wote wangesahau gari, wangesahau lori, wangecheka mpaka Jumatatu. Shangazi Birago mwenyewe angekaa chini kucheka. Siku za kutafuta pampu zingepatikana hapo.

Au angeweza kutaja namba yoyote. Lakini Lome ilikuwa inangoja kwenye simu ya Mama Konadu, na Lome wanazijua namba.

Alifunua ukurasa. Akafunua mwingine.

"Ukurasa wa pampu ya maji ya Pijo," alisema, "haumo."

"Sauti, mtoto," ilisema simu.

"Haumo, babu. Nimetafuta. Haumo humu."

Na mtu asimwite mwongo. Kila neno lilikuwa la kweli.

Watu wakaguna kwa huruma. "Umechanika," alisema mmoja. "Vitabu vya zamani ndivyo vilivyo." Mama Konadu alirudisha simu yake kifuani polepole.

"Basi," alisema Mzee Twumasi, na sauti yake haikuwa na raha. "Nilisema nitasikiliza kitabu. Nimekisikia. Pole, mwanangu."

Shangazi Birago ana simu mbili, kama kila mfanyabiashara anayejiheshimu. Ile ya mkuu wa ukoo ilibaki mkono wa kushoto. Ya kulia ilikuwa imeshaita.

"Kusi. Fungeni mnyororo."

Hata dakika haikupita, simu ya Dufie ikalia ndani ya mkoba, katikati ya daftari. Ilikuwa fundi Amofa, na sauti yake ilikuja kama inatoka pangoni.

"Mwalimu, samahani kukusumbua. Mimi niko chini ya gari. Kuna watu hapa wananiambia nitoke. Wana mnyororo. Nimewaambia mimi simtambui mtu mwingine. Nitoke, nisitoke?"

Nyuma ya sauti ya Amofa ulisikika mnyororo ukiburutwa juu ya saruji, na kuku, na Kusi akimwambia mtu asikwaruze bampa kwa sababu bampa nayo inauzwa.

"Nimepaka rangi milango jana," aliongeza Amofa. "Bado haijakauka vizuri. Waambie wasiiguse."

"Toka, fundi," alisema Dufie.

"Unasema?"

"Toka wasikuumize. Asante kwa kazi."

Alikata simu. Alikifunga kitabu. Akatandaza kile kipande cha kente juu ya mapaja yake, akakiweka kitabu katikati, akakunja pembe nne, moja baada ya nyingine, akazilainisha. Kisha akaenda nacho mpaka alipokuwa amesimama Mzee Adarkwa na kumkabidhi kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anavyomrudishia mkubwa wake kitu cha thamani.

"Asante kwa kuniruhusu, Mzee," alisema. "Ni kitabu kizuri. Kitunze."

Akachukua pampu yake ngazini, akaitia mkobani, akaanza kuondoka akiwa kandokando ya njia.

Mzee Adarkwa alibaki na kitabu kifuani.

"Ni mtoto mwenye adabu, hata hivyo," alisema muuza radieta.

"Adabu haivuti gari," alisema Shangazi Birago. "Baba, nakuacha ule."

"Usikate."

Walidhani ni mtu mwingine aliyesema. Sauti ile ilikuwa kavu. Mzee Adarkwa alikuwa ametoka dukani mwake, amepita maji aliyonyunyiza mwenyewe asubuhi, amesimama katikati ya njia, mahali magari hupita. Gari dogo lililobeba matairi lilimpigia honi. Hakusogea.

"Birago, nipe hiyo simu."

"Mzee, yameisha haya."

"Nipe."

Akaipokea. Akaishika mbali na uso, kama wazee washikavyo simu, na kuzungumza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kule mbele Dufie alisimama, lakini hakugeuka.

"Twumasi. Ni Adarkwa."

"Nakusikia, Adarkwa."

"Kitabu nilikikalia kwa makusudi. Si umri. Nilikiweka chini ya mto mwenyewe, kabla watu hawajafika, kwa sababu yule mtoto anakijua Kifaransa."

Mama Konadu aliuangalia ule mto wa kigoda.

"Hiki kitabu ni cha mashine ya mpunga," alisema Mzee Adarkwa. "Nilikinunua bila jalada. Dereva mmoja wa Togo alinisomea mwaka wa tisini na mbili, akacheka mpaka akakaa chini. Nikamnunulia bia ili anyamaze. Mtoto wa Boadu amekisoma sasa hivi mbele yenu wote, amekijua, na amenyamaza bila bia. Ameliachia gari la baba yake ili nisichekwe."

Hakuna aliyecheka. Muuza radieta alikuwa anatazama viatu vyake. Kwenye ile simu nyingine, mkononi mwa Shangazi Birago, Kusi alisikika akimwambia mwenye lori aanze kuvuta taratibu.

"Adarkwa," alisema Mzee Twumasi, "pampu bado haipo lakini."

"Ipo. Ngoja. Nimalizie."

Aliangalia mgongo wa Dufie, na mkoba uliovutwa chini na uzito wa kile chuma, na kuanzia hapo hakuwa anaongea na simu tena.

"Binti. Niliishika hiyo pampu siku ya kwanza ulipokuja nayo, nikaijua kabla hujaitoa vizuri kwenye karatasi. Wiki tatu nimekwambia njoo kesho, na kila nilipokwambia njoo kesho nilikuwa nataka kukwambia hivi. Hiyo si ya Pijo. Ni ya lori la Bedford, na zimejaa kwenye safu ile pale. Mwaka ule wa njaa hakukuwa na spea popote, baba yako alikuja hapa amebakiwa na mafuta ya safari moja, na mimi nilikuwa na watoto. Nilikereza bati la kuiunganisha nikaifunga. Nikamfungulia kitabu hiki, nikamwonyesha mchoro wa kitu cha duara, nikamwambia hii hapa Boadu, ni ya Pijo halisi. Nilimdanganya. Na kila Krismasi alikuwa ananiletea viazi vikuu kunishukuru, mpaka anakufa."